Stripu 50, Namba 120

Daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona katika kliniki yetu ya kisukari ya watoto lilikuwa la kutunga, na mimi ndiye niliyelinyanyua juu mbele ya watoto wengine nikasema, "Mnaona? Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Mimi ni nesi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kliniki ya sukari ya hospitali moja ya mkoa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufundisha: namna ya kuvuta insulini kwenye bomba bila kuvuta hewa, kwa nini usichome mahali pale pale kila siku hadi pakafanya vinundu, ufanye nini sukari ikishuka chini ya 4 na mikono ikaanza kutetemeka. Hayo nayajua usiku na mchana. Hayakunizuia kumfundisha mtoto wa watu kudanganya, na akafuzu.

Daftari lenyewe ni hili la kawaida la dukani. Tunalichora safu kwa rula: tarehe, asubuhi kabla ya kula, mchana, jioni, wakati wa kulala, halafu safu mbili za uniti za insulini. Mtoto anapima, anaandika, siku ya kliniki analileta. Nami nilikuwa nakaa nalo na kalamu nyekundu. Namba iliyo kati ya 4 na 10 naipigia vema. Iliyozidi naizungushia duara. Nafasi iliyo wazi naiwekea alama ya kuuliza, kubwa, kisha yanafuata maneno: "Hapa ulikula nini?" "Kwa nini hukupima?" "Unataka figo zife?" Ndiyo, watoto wa miaka 13 nilikuwa nawahubiria habari za figo, upofu na miguu kukatwa. Wazazi waliokaa nyuma yao waliitikia kwa vichwa, na wengine walinishukuru wakati wa kutoka kwamba leo nimemkomesha. Mtoto yeyote aliyepitia shule zetu anajua la kufanya akiona kalamu nyekundu.

Binti ninayemsema alikuja kwetu akiwa na miaka 12, amegundulika ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho linaacha kutengeneza insulini na mtu hana budi kuichoma kila siku ya maisha yake. Mwanzoni mama yake ndiye aliyemchoma, asubuhi na jioni, na daftari lilikuwa na mwandiko wa mama: namba mbaya, namba nzuri, siku zilizorukwa, na pembeni madoa madogo ya damu ya kidole. Lilikuwa daftari la kweli, nami nililijaza wino mwekundu.

Alipofikisha miaka 14 nikamwita mama yake. "Mama, huyu sasa ni mkubwa. Mwache ajichome mwenyewe, ajipime mwenyewe. Usimdekeze."

Akaniuliza kama anaweza walau kumtazama akichoma. Nikamjibu kwamba akizoea kutazamwa hatajifunza.

Nilisema kwa uhakika kabisa, ilhali miongozo ya kimataifa ya kisukari cha watoto inasema kinyume. Mzazi analegeza mkono kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoweza, na anaendelea kuwapo hadi ujana unapoisha, kwa sababu ni katika miaka hiyo hiyo ambapo sukari huharibika zaidi. Mimi nilichanganya kujitegemea na kuachwa peke yake. Siku ile mama aliondoka kwa utii, na tangu hapo daftari likawa safi.

Lilikuwa safi mno. Namba zote nne kila siku, mwezi baada ya mwezi, 5.8, 7.1, 6.4, karibu zote chini ya 9. Hapa na pale, hasa Jumapili na sikukuu, aliweka 11 au 12, na baadaye nilikuja kujua kwamba ziliwekwa makusudi ili hesabu isionekane ya kupikwa. Wino ulikuwa wa kalamu moja toka juu ya ukurasa hadi chini. Hapakuwa na doa hata moja la damu. Nami nikalinyanyua.

Sasa nieleze kuhusu stripu za kupimia sukari, maana hapo ndipo sina pa kujificha. Kichupa kimoja kina stripu 50. Wakati ule kila mtoto alipewa kichupa kimoja kwa mwezi, na aliyekuwa anakitoa ni mimi: naandika kwenye leja, mzazi anatia sahihi, naingiza kichupa kwenye mfuko wa insulini. Daftari nililochora kwa rula yangu lilikuwa na nafasi nne kwa siku. Nne mara 30 ni 120. Ukipima kama nilivyodai, kichupa kinaisha siku ya 13, na zile siku 17 zilizobaki ama uache nafasi wazi upigwe alama ya kuuliza, ama ujaze za kubuni. Kununua kichupa kingine mtaani kwa mama anayeuza mboga hakukuwa jambo la kufikirika. Kwa hiyo kila daftari lililojaa, la mtoto yeyote, lilikuwa la uongo kwa hesabu ya darasa la pili, na hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwangu kila mwezi kwenye leja.

Kadi ya binti yule nayo ilisema. Kilo zilikuwa zikishuka katika umri ambao mtoto wa kike ananenepa. Siku za kliniki alikuwa akienda chooni, akirudi anaomba maji. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ambacho kingemuumbua mara moja, hakikuwa kikifanyika kwa sababu maabara iliishiwa vitendanishi. Daktari alibaki na daftari. Aliona 6 na 7, akaacha dozi ilivyokuwa. Binti aliyekuwa amevunja ungo na kurefuka alikuwa anaandikiwa uniti za mtoto wa miaka 12.

Mbona sikuuliza? Ninalo jibu na si zuri. Ripoti ya kila robo mwaka ilikuwa na kipengele cha watoto wenye kumbukumbu kamili za vipimo, na namba yetu ilikuwa inapendeza. Pia nilikuwa nimeshalisifia daftari lile hadharani. Kumuuliza kungekuwa kujiuliza.

Usiku mmoja binti na mama yake waliletwa kwa bodaboda, wamepakizana mshikaki, yeye katikati, mama yake nyuma akimshikilia asianguke. Alikuwa ametapika siku nzima na tumbo likimuuma, na zahanati walikoanzia walimpa dawa ya malaria. Pumzi zake zilikuwa nzito na za haraka, kama za mtu aliyekimbia mbio ndefu, na mdomoni alitoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Aliyewahi kuinusa harufu hiyo wodini haisahau. Mwili uliokosa insulini hauwezi kuitumia sukari hata kama imejaa kwenye damu, basi unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na katika kuyeyusha huko unatengeneza ketoni zinazoigeuza damu kuwa na asidi. Glukomita yetu haikutoa namba. Iliandika HI, ambayo kwenye mashine nyingi maana yake ni kwamba sukari imevuka 33 na mashine imekata tamaa. Dripu, insulini kidogo kidogo, potasiamu, na kungoja kuche.

Alipona. Nasema hivyo mapema nisimchoshe msomaji kwa wasiwasi, maana wapo wengine, kwetu na kwingineko, walioletwa hivyo hivyo na hawakupona.

Siku alipoweza kukaa kitandani nilichukua glukomita yake kwenye mfuko wake nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Mashine hizi zinatunza vipimo vya nyuma, jambo nililolijua tangu siku ya kwanza niliyofundishwa kuzitumia. Zilikuwepo namba chache tu: 17, 22, 19, 24. Kisha hakuna kitu. Alikuwa anapima hapo mwanzo. Alipoona ni namba za kuzungushiwa duara, akaacha.

"Sindano za jioni ulikuwa unachoma?" nikamuuliza.

"Siku nyingine."

"Kwa nini siku nyingine?"

"Dawa iko kwa Mangi."

Nyumbani kwao hakuna friji. Nilikuwa nimewaambia, yeye na mama yake, kwamba insulini nje ya friji inaharibika, basi, bila maelezo zaidi. Wakaomba kuiweka kwenye friji la Mangi, mwenye duka la mtaani. Asubuhi haikuwa taabu: anapita kabla ya shule, Mangi anamtolea, anachomea kwenye kibanda cha nyuma. Jioni kibaraza cha duka kinajaa vijana wanaocheza drafti. Mmoja akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wote, kila siku anafuata nini kwenye friji, au ndiyo zile dawa. Msomaji wa kwetu anajua zile dawa ni zipi. Hakurudi tena jioni, ila siku za mvua tu, kibaraza kikiwa kitupu.

Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikiamini kwamba tatizo la vijana hawa ni pipi.

Ile amri yangu ya friji ilikuwa nusu ya ukweli. Akiba ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Kichupa cha insulini kinachotumika ni habari nyingine: kinastahimili wiki nne hivi nyumbani mahali penye ubaridi, mbali na jua na jiko, na hilo limeandikwa kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Kwa wanaoishi kwenye joto kali, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa mwaka 2021 matokeo ya utafiti uliotokana na kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama ilivyo ndani ya nyumba za kambini, haikupungua nguvu kwa kiasi cha kujali ikilinganishwa na iliyokaa kwenye friji. Chungu chenye mchanga mbichi kingetosha kuiweka chini ya kitanda chake, na hakuna ambaye angejua.

Kuhusu zile pipi, nilijisomea baadaye kuliko ilivyonipasa. Katika balehe mwili wenyewe unaupinga utendaji wa insulini: homoni za kukua na za kuvunja ungo zinapandisha sukari hata kwa mtoto anayefuata masharti yote, na dozi inabidi iongezwe, wakati mwingine sana. Kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, ambao ndio uliothibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu kunaokoa macho, figo na neva, vijana waliobaleghe walibaki na wastani wa asilimia 8 hivi kwenye kile kipimo cha miezi mitatu, wakati watu wazima waliokuwa kwenye matibabu hayo hayo walifika 7. Hao walikuwa wakionana na wataalamu kila mwezi na kupigiwa simu katikati. Mimi niliwapa wangu kichupa kimoja cha stripu na mahubiri, nikataka wafike 7.

Nje ya chumba chetu kuna benchi refu la mbao. Watoto wakubwa wanakaa hapo wakingoja kuitwa, na kwa miaka mingi uhusiano wangu na benchi hilo ulikuwa wa kutoa kichwa mlangoni na kufoka, "Punguzeni kelele!" Baada ya mkasa ule nilianza kukaa nao, mwanzo kwa kisingizio cha kupanga mafaili. Mvulana mmoja anasoma shule ya bweni. Sisi tunafundisha kwamba insulini anayotumia inachomwa nusu saa kabla ya kula. Yeye alifanya hivyo, kengele ikagonga, maharage yakawa hayajaiva, akaanguka kwenye foleni ya chakula na wenzake wakadhani ana kifafa. Tangu hapo anachoma akiwa ameshaishika sahani, na ndivyo anavyowafundisha wenzake: usiamini kengele, amini sahani. Kwenye kitabu ni kosa. Kwenye shule ile ni uhai, na daktari alipoelezwa alikubali kwamba sukari iliyopanda kidogo baada ya kula ni afadhali kuliko mtoto aliyeanguka.

Msichana mwingine aliwaambia wenzake kwamba siku chache kabla ya hedhi sukari yake inapanda bila sababu, basi asishtuke mtu. Ni kweli, wengi hutokewa na hali hiyo, na mimi, mwanamke, sikuwahi kuligusa katika mafunzo yangu kwa sababu kulikuwa na wavulana chumbani. Kulikuwa na anayeuliza ni lini umwambie mchumba. Kulikuwa na aliyekwisha kumwambia kocha wake wa mpira, na anaingia uwanjani ameficha kipakiti cha glukosi kwenye soksi. Mmoja alipokuwa akichelewa kliniki, wenzake walijua kabla yangu kama ni nauli au ni kukata tamaa.

Nisilipambe benchi kupita kiasi. Ni hapo hapo binti yule alipofundishwa kuweka zile 11 za Jumapili.

Tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, huwa tunawahutubia wazazi na watoto habari za ugunduzi wa insulini kule Toronto. Tunasimulia kwamba mtu wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, aliitwa Leonard Thompson, na tunapita haraka kwenye umri wake: alikuwa na miaka 14. Mwaka huo huo Banting alimtibu Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliyefika kwake akiwa mifupa mitupu na akikaribia miaka 15. Huyu aliishi hadi 1981. Kwa sehemu kubwa ya maisha hayo alificha kwamba ana kisukari, hata kwa watu waliomfahamu vizuri. Alikuwa na insulini, alikuwa na fedha, jina lake lilikuwa magazetini, na bado akaona ni heri asijulikane. Siku hizi nikifika hapo kwenye hotuba nasimama kidogo, maana namjua mmoja aliyeshindwa kupita kwenye kibaraza cha wacheza drafti.

Niliomba radhi mara mbili. Kwa mama yake kwanza, wodini. Nilitegemea anifokee. Alisema, "Sista, mimi nilijua jioni hachomi. Bomba lilikuwa kavu. Nikanyamaza kwa sababu ulisema nisimdekeze." Sijui kama kuna neno lolote nililoambiwa katika kazi hii lililoniingia kama hilo.

Mara ya pili ilikuwa kwenye benchi, kwa wale niliowaonyesha daftari kama mfano. Niliona nina deni kwao, kwa kuwa walikuwa wakiliiga. Niliongea kwa kirefu, kidogo nilie. Yule wa bweni akaningoja nimalize, akasema kwa adabu zake zote, "Sista, sisi sote tulikuwa tunajua." Wakacheka. Nikawaambia na mimi nilikuwa najua, na hapo ndipo waliponyamaza.

Tulichobadilisha ni kidogo. Kalamu nyekundu haimo tena chumbani. Daftari linachorwa kulingana na stripu zilizopo: mwezi wenye kichupa kimoja, mtoto anapima siku kadhaa alizochagua, asubuhi na jioni, nyingine anatunza kwa ajili ya siku akiumwa au akihisi imeshuka. Siulizi tena "Umechoma zote?", maana swali hilo lina jibu moja tu linalokubalika. Nauliza, "Watu wengi zinawapita sindano. Wewe wiki hii zimekupita ngapi?" Ajabu ni jinsi wanavyojibu upesi. Mzazi tunamwomba asihame chumba: mtoto anachoma, mzazi yupo, anakuna nazi au anafanya lolote, mradi yupo. Benchi limepewa saa nzima ya kliniki, na mada wanachagua wao. Mimi hukaribishwa wanapotaka.

Bado wapo wanaokosa nauli. Bado stripu huja pungufu. Kuna wasichana wawili hawakai benchi hata kidogo, wanasimama mbali kwenye mwembe hadi waitwe, na sijapata dawa ya hilo. Na mimi mwenyewe, nikifungua daftari nikakuta nafasi wazi, mkono bado unatafuta kalamu.

Binti yule bado anakuja. Kliniki iliyopita daftari lake lilikuwa na matundu mengi, Jumanne hadi Alhamisi hakuna kitu kabisa, na Ijumaa asubuhi 16.3 yenye doa la damu juu yake. Nikamuuliza siku zile tatu zilikuwaje. Akasema alichoka tu, hakutaka kuiona mashine. Kuchoma alichoma, mama yake alikuwepo. Tukazitazama zile namba chache za asubuhi, zote zilikuwa juu, na daktari akamwongezea uniti 2 za jioni.